Barua kwa Swahiba: Zebaki na Vifaranga wa Mwatiko

Kunduchi,
Dar es Salaam

Swahiba wangu mpendwa,

Barua yako kutoka Nyamisati nimeipokea, na nimefurahi kusikia kwamba bwawa limekwisha kuchimbwa na kilichobaki ni kupata vifaranga wa mwatiko, yule samaki wa baharini afugwaye mabwawani. Umeniuliza kama zebaki, ile ambayo wachimbaji wadogo wa dhahabu huitumia kwenye mialo ya kuchenjulia, inaweza kuwadhuru samaki wachanga wanaoingia mlangoni mwa mto kutoka baharini. Wengi huuliza swali hili wakiifikiria sahani ya mlaji. Wewe umemfikiria samaki mwenyewe, nami nitakujibu kwa upande huo huo.

Zebaki inayong'aa, ikiteremka na marudio, yaani mchanga uliobaki baada ya kuchenjua dhahabu, bado si ile inayomwingia samaki kwa wingi. Hatari huanza inapotulia kwenye tope lisilo na hewa, kama lile jeusi la mikokoni linalonuka yai viza, kwa kuwa humo wamo bakteria wanaoitumia salfeti ya maji ya bahari, na katika kuishi kwao huigeuza zebaki kuwa zebaki ya methili, aina yenye sumu inayoingia mwilini kwa urahisi. Mto huleta zebaki na majani yaozayo, bahari huleta salfeti, na vyote hukutana pale pale wanapolelewa samaki wachanga. Kisha sumu hupanda: vijidudu vya majini huinyonya, kamba wadogo hula vijidudu, samaki hula kamba, na kila anayekula hubeba zaidi ya aliyeliwa. Ndani ya samaki hushikamana na protini ya nyama, si mafuta, ndiyo maana hata kubanika hakuiondoi.

Samaki mchanga aliyeila kwa kawaida hafi. Huzubaa. Katika majaribio, samaki wadogo waliolishwa zebaki ya methili, walipotishwa kwa kivuli kama cha ndege, kundi lao lilitawanyika zaidi na kuchelewa kutulia. Huko New Jersey, Marekani, samaki wadogo wa kijito kilichochafuliwa kwa zebaki na taka nyingine walionekana wazito wa kukamata kamba, nao wenyewe wepesi wa kukamatwa na kaa. Kwa samaki anayehama kutoka maji ya namna moja kwenda ya namna nyingine, huku kila mwenye mdomo akimngojea, sekunde moja ya kuzubaa inatosha.

Lililonishangaza zaidi ni la salmoni wa California, Marekani, samaki anayezaliwa mtoni na kukulia baharini. Wachimbaji wa dhahabu waliomiminika huko kuanzia mwaka 1848 waliacha zebaki ambayo hadi leo imo kwenye tope la mto Sacramento na ghuba ya San Francisco. Salmoni wachanga wanaoteremka kwenda baharini hunenepa upesi wakijilisha kwenye mabonde yaliyofurika, lakini huko huko ndiko wanakokusanya zebaki ya methili zaidi ya wenzao waliobaki mtoni. Wakifika baharini huongeza uzito mwingi mno, hata zebaki ya utotoni ikawa kama chumvi iliyotiwa kisimani. Kwa maoni yangu hapo ndipo wapimaji wanapoweza kudanganyika, kwa sababu anayempima salmoni mkubwa anampima aliyeokoka. Waliozubaa waliliwa zamani, na hakuna atakayewaleta mezani.

Kuhusu mwatiko wako, sikukatazi. Chakula chake kikubwa ni mwani na ukoga, yaani yuko ngazi ya chini, na hukusanya kidogo kuliko chewa anayekulia mikoko hiyo hiyo kwa kula wenzake. Ningejali zaidi maji ya bwawa kuliko walikotoka vifaranga, maana watakaa bwawani kwako muda mrefu kuliko waliokaa kijitoni. Niandikie bwawa linajazwa na kijito gani, na kama maji huingia wakati wa bamvua peke yake au hata masika mto unapofurika.

Wasalimie wazee wote wa hapo nyumbani.

Ni mimi swahiba wako,
wa Kunduchi