Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: kuku waliochanjwa na bado wakafa

Ndugu wanachama, baba na mama wafugaji wa Lubumbashi,

Mambo ya fedha na wanachama wapya yamo kwenye karatasi ya mweka hazina, sitayarudia. Nafasi hii nitaitumia kwa lile lalamiko lililosikika katika kila mkutano wetu mwaka huu: kuku wamechanjwa dhidi ya Newcastle, ugonjwa wa virusi wa kuku uitwao pia kideri, na bado wamekufa. Wengi wenu mnasema virusi vimegeuka na chanjo imezeeka. Ni kweli virusi vinageuka. Hilo la chanjo kuzeeka ndilo linalotupoteza.

Virusi vya Newcastle vinabeba uzi mmoja wa RNA, yaani maandishi yao ya urithi, wenye herufi zipatazo 15,000 na jeni sita. Kimeng'enya kinachonakili uzi huo hakisahihishi makosa yake, ndiyo maana nakala zinazotoka kwa kuku mmoja mgonjwa hazifanani zote. Maabara husoma jeni ya protini F, ile inayoviingiza virusi kwenye seli. Kundi linalotofautiana na mengine kwa wastani wa herufi 10 au zaidi katika kila 100 linapewa namba yake ya jenotipu, yaani ya ukoo. Jenotipu V imeripotiwa sana Uganda, Kenya na Tanzania, na VII.2 imeripotiwa Msumbiji, Zambia na Afrika Kusini. Sisi tuko kati ya pande hizo mbili, na vifaranga vyetu vingi vinaingilia Kasumbalesa, mpakani na Zambia. LaSota, chanjo tunayoitumia zaidi, ilipatikana Marekani miaka ya 1940 na ni jenotipu II. Ukitazama ukoo tu, utasema haiwezi kitu.

Lakini jenotipu zote hizo ni serotaipu moja, yaani kinga ya mwili inaziona kama kirusi kimoja. Kingamwili, yaani askari wa damu, zilizoletwa na LaSota zinavitambua virusi vya V na vya VII vilevile. Kuku ambaye damu yake, katika kipimo cha kuzuia kugandana kwa chembe nyekundu, inafika 1:8 au zaidi (yaani ikizimuliwa mara nane bado inazuia), kwa kawaida hafi. Ukali nao haupimwi kwa namba ya jenotipu. Unategemea sehemu fupi ya protini F inayopaswa kukatwa ndipo virusi viingie kwenye seli. Katika virusi vikali, sehemu hiyo ina asidi amino (vipande vinavyojenga protini) kadhaa za aina ya besi zilizofuatana, na vimeng'enya vilivyomo karibu katika kila kiungo vinaweza kuikata: ubongo, wengu, utumbo. Ya LaSota inakatwa na vimeng'enya vya njia ya hewa na utumbo tu, kwa hiyo kuku anapiga chafya siku mbili tatu na kupona.

Tofauti ya jenotipu inatuumiza mahali pengine. Kuku aliyechanjwa kwa jenotipu tofauti na ya virusi anaweza kuambukizwa, akabaki mzima machoni, huku akitoa virusi kwa pua na kinyesi. Chanjo inamlinda yeye, haimlindi kuku wa jirani anayezurura uani.

Sasa tuseme ukweli kuhusu jinsi tunavyochanja. Chupa ya dozi 1,000 inafunguliwa kwa ajili ya kuku 200, mabaki yanarudishwa kwenye friji hadi kesho. Hiyo ya kesho ni maji matupu. Umeme ukikatika usiku kucha, friji ikafunguliwa kila saa, chanjo inayotaka nyuzi 2 hadi 8 imeshakufa kabla ya kuku. Wengine wanachanganya kwenye ndoo ya bati, au kwa maji ya bomba yenye klorini. Tumieni plastiki iliyooshwa bila javeli (dawa ya klorini), na maji ya kisima safi. Tieni unga wa maziwa yasiyo na mafuta gramu 2 hadi 2.5 kwa lita, subirini dakika 20 ndipo mtie chanjo. Kiasi cha maji: kwa kuku 1,000, lita moja kwa kila siku ya umri. Kuku 500 wa siku 14 wanatoshwa na lita 7. Waondoleeni maji saa moja au mbili kabla, kisha hakikisheni wamemaliza ndani ya saa mbili. Vinywea vikiwa vichache wanyonge hawanywi, na hao ndio watakaoanza kufa.

Kifaranga wa mama aliyechanjwa anazaliwa na kingamwili zinazoinyonga chanjo ya mapema. Zinapungua nusu kila siku 4 na kidogo. Kwa hiyo dozi moja tu ya siku ya kwanza haitoshi, lazima irudiwe.

Kuhusu kuenea, msitafute mbali. Kuku asiyeuzwa Soko la Kenya hapa mjini anarudi bandani jioni. Trei za mayai za karatasi zinazunguka nyumba kumi bila kuoshwa, na haziosheki. Njiwa wana jenotipu yao, VI, nao wanakula pumba kwenye vyombo vya kuku. Kuku mpya akae peke yake siku 21. Na javeli juu ya kinyesi ni hasara: kwangueni kwanza, osheni kwa sabuni, kausheni, ndipo mmwage.

Mwaka ujao kamati inataka sampuli, kwa sababu bila kusoma jeni F hatutajua kama vifo vya komini ya Katuba na vya komini ya Ruashi vina chanzo kimoja. Chagueni kuku watano walioanza kuumwa leo au jana. Pamba ya koo na pamba ya tundu la nyuma ziwekwe kwenye vichupa tofauti, ziandikwe tarehe, komini na tarehe ya chanjo ya mwisho, zikae kwenye barafu bila kugandishwa na zifike maabara ya mifugo ndani ya siku nne. Kuku aliyelala amekufa tangu juzi msilete. Sanduku la barafu liko kwa katibu, na funguo anazo hata Jumapili.