Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi: Ningu, Kalavati na Greda

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Wilaya yetu,
Ndugu wahandisi wa barabara mliofuatana naye,
Waheshimiwa madiwani na wenyeviti wa vijiji,
Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Shikamooni.

Karibuni shuleni kwetu leo Juni 5, Siku ya Mazingira Duniani. Tunajua, Mheshimiwa, kwamba risala nyingi unazosomewa huomba madawati na matundu ya vyoo. Madawati bado yana upungufu, lakini hilo Mkuu wa Shule atalisema mwenyewe. Sisi wa klabu ya mazingira tumepewa dakika kumi, na tumekubaliana kuzimaliza zote kwa samaki mmoja na kalavati moja, yaani bomba la kupitishia maji chini ya barabara.

Samaki ni ningu. Wazee waliokaa safu ya mbele hawahitaji kuelezwa, ila wanafunzi wa kidato cha kwanza wengi wamemsikia kwa jina tu. Ni samaki wa Bonde la Ziwa Victoria, na kwingine duniani hapatikani. Mdomo wake umeelekea chini, kwa sababu chakula chake ni mwani na masalia anayoyakwangua kwenye mawe na matope. Hukulia ziwani na mitoni, lakini mvua zikikolea na mito ikifurika, huacha maji makubwa na kupanda juu, akaingia vijito na kutaga kwenye majani yaliyofunikwa na mafuriko. Mto Mara, unaotoka Mau nchini Kenya, ukapita Serengeti na kuishia ziwani karibu na Musoma, ni mmoja wa mito anayopanda. Kijito kinachopita nyuma ya bweni la wavulana kinamwaga maji yake humo.

Safari hiyo ndiyo iliyomponza. Nyavu za makila, zile zinazomnasa samaki kwenye matamvua, ziliingia Ziwa Victoria mwaka 1905, na baadaye zikatandazwa kwenye midomo ya mito, palepale ningu wenye mayai walipokuwa wakikusanyika kupanda. Ukimvua samaki kabla hajataga, umemvua yeye na watoto wake kwa siku moja. Kufikia katikati ya karne ya 20 uvuvi wa ningu ulikuwa umeporomoka. Sangara, ambaye mara nyingi hubebeshwa kila dhambi ya ziwa letu, alipandikizwa wakati ningu tayari amekwisha kupungua. Leo ningu yumo kwenye orodha ya kimataifa ya viumbe walio katika hatari kubwa mno ya kutoweka, ngazi moja tu kabla ya kutoweka porini.

Sasa tuje kwenye kalavati.

Mheshimiwa, barabara hii inayovuka kijito chetu tunaipenda. Ndiyo inayomfikisha mama mjamzito zahanati, na ndiyo tunayopita asubuhi na madaftari kwenye mifuko ya plastiki. Hatujaja kulalamikia matengenezo. Tumekuja kueleza yanavyofanyika, kwa sababu tumeyaona kwa macho yetu.

Kalavati iliyo chini ya barabara ilipowekwa, maji yalitoka sawasawa na kitanda cha kijito. Miaka ikapita, maji yakachimba upande wa kutokea mpaka kukawa na dimbwi, na mdomo wa bomba ukabaki unaning'inia. Tulipokwenda kupima wakati wa kiangazi, ulikuwa juu ya maji kwa kimo cha goti la mwanafunzi wa kidato cha pili. Kwa gari, kalavati hiyo ni nzima kabisa. Anayeikagua akiwa amesimama barabarani ataandika "nzuri" na kuendelea na safari. Kwa ningu ni ukuta. Na hata mvua zikijaza dimbwi akaweza kuingia bombani, ndani hakuna jiwe wala kona ya kupumzikia. Zege ni laini, maji yanakwenda kasi, naye anarudishwa alikotoka.

Kwa hiyo wakati wa masika samaki hujazana pale dimbwini. Hapa tunasema ukweli, Mheshimiwa, maana si vizuri kuwasema wengine tukajiacha sisi. Watu huja na vyandarua wakawakomba. Baadhi yetu tuliomo kwenye klabu hii tumewahi kuwala, na walikuwa watamu. Tulianza kampeni yetu kwa kuwaomba wazazi wetu wenyewe waliache dimbwi lile wakati wa mvua. Wengine wamekubali. Wengine wametuuliza tutakula nini.

Jambo la pili ni udongo. Greda likipita, mitaro hufukuliwa na tope lake husukumwa pembeni. Palipo na kijito, pembeni ndiko kijitoni. Msimu mmoja mkandarasi aliacha lundo la moramu, yaani kifusi cha changarawe cha barabara, ukingoni kabisa; mvua ya kwanza ikalibeba lote. Siku kadhaa maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa. Tope hilo huziba matamvua ya samaki, hufunika mayai yaliyotagwa kwenye majani na hufunika mawe yenye mwani anaokula ningu. Halafu kuna maji ya kuoshea vifaa vya zege. Saruji mbichi huyageuza maji kuwa makali kama magadi, na samaki hawayavumilii, hata kama kwa macho yanaonekana meupe tu na hayana harufu.

Yote haya huhesabiwa kuwa mambo madogo. Barabara kuu mpya ikijengwa, wataalamu hufanya tathmini ya athari kwa mazingira. Lakini greda la kila mwaka, chepeo la kufukua mtaro, bomba linalobadilishwa kwa siku mbili, nani huyafanyia tathmini? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito shughuli zinazoweza kuiharibu. Barabara inayovuka mto haiwezi kukaa mita 60 mbali nao, hilo tunalielewa. Lundo la moramu linaweza.

Mwalimu wetu wa jiografia alitutafutia mfano wa jimbo la Oregon, Marekani, ambako samoni nao hutoka baharini na kupanda mito kwenda kutaga. Mwaka 1999 idara ya barabara ya jimbo hilo ilitoa mwongozo kwa mafundi wake: namna ya kusafisha mtaro, pa kumwaga udongo, lini usiguse mto. Mwaka 2000 serikali kuu ikautambua, kwamba kazi ya kawaida ya matengenezo inayofuata mwongozo huo haitahesabiwa kosa chini ya sheria ya kulinda samaki hao. Kilichotuvutia ni kwamba hawakufunga barabara. Fundi aliandikiwa la kufanya, naye akalindwa kwa kulifanya.

Kwetu ugumu mkubwa tunaouona uko kwenye kalenda. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, siku 26 kuanzia leo, wakati mito imeshuka na ningu hawapandi. Lakini hadi mikataba isainiwe na mitambo ifike kijijini, vuli imekwisha kuanza, na kinachosalia hukamilishwa masika. Fedha zinakuja na mvua, na samaki wanakuja na mvua. Wanakutana kwenye kalavati.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, maombi yetu hayahitaji kuvunja bajeti. Kazi zinazogusa maji, yaani makalavati na mitaro inayoingia vijitoni, zitangulie kati ya Julai na Septemba, na zile za nchi kavu zisubiri. Tope la mitaro na moramu viwekwe mbali na ukingo, na mkataba uliseme hilo, maana mkandarasi hufanya kilichoandikwa. Pale penye mdomo unaoning'inia, mawe yapangwe chini yake ngazi kwa ngazi hadi maji yafikie bomba. Mawe yapo mlimani na sisi tuko tayari kuyasogeza Jumamosi. Na siku bomba litakapobadilishwa, liwe pana na lizikwe kidogo chini ya kitanda cha kijito ili mchanga na mawe yajipange ndani yake. Wavuvi wa BMU yetu, kikundi cha jamii cha kusimamia uvuvi, wameahidi kulinda dimbwi msimu wa mvua, nasi tutaandika siku ningu wa kwanza anapoonekana kila mwaka, ili ofisi ya uvuvi ya wilaya ipate kumbukumbu hizo.

Ratiba inaonyesha kwamba baada ya risala ni chai. Tunaomba ruhusa yako tuigeuze kidogo. Kalavati iko mwendo wa dakika tano kutoka hapa, ukishuka kupitia shamba la mihogo la shule. Njia ina utelezi, hivyo tumeandaa jozi tatu za mabuti, yako na za wahandisi wawili. Chai itasubiri kwenye chupa.

Naomba kuwasilisha.