Kwa mtoto wa kaka yangu, kabla fundi hajachimba msingi wa ukuta

Baba,

Nakuita hivyo kama nilivyokuita tangu ukiwa mchanga, kwa sababu wewe ni mwana wa kwanza wa kaka yangu na kwa desturi yetu ulipewa jina la babu yako, baba yangu mimi. Haya ninayoyaandika ningeweza kukwambia kwa simu. Nimeamua kuyaandika hadharani kwa kuwa uamuzi ulio mbele yako wako nao vijana wengi wa Uru, Kibosho, Machame, Marangu na Rombo, huku kwetu Uchagani mlimani Kilimanjaro, ambao wamerithi vihamba, yaani mashamba ya ukoo yenye nyumba na migomba, ilhali maisha yao yako Dar es Salaam, Arusha au Mwanza, na pengine shangazi zao hawakupata nafasi ya kuwaambia neno kabla kazi haijaanza.

Umetueleza kwamba baada ya sikukuu za Desemba utazungushia kihamba ukuta wa tofali, utaweka geti la chuma, utang'oa mibuni iliyobaki, na mfongo, ule mfereji wa maji wa ukoo unaopita upande wa juu, utaufukia kwa kuwa maji ya bomba yapo. Sababu zako nimezisikiliza zote. Wizi wa ndizi na mifugo upo kweli. Mibuni ile imezeeka na mavuno yake hayalipi hata gharama ya dawa. Wewe huishi hapa, na nyumba isiyo na uzio mwaka mzima humkosesha mwenyewe usingizi. Sitakubishia katika hayo. Ninachokuomba utazame ni kwamba vitu unavyokusudia kuviondoa vina kazi ya pili ambayo fundi wako hawezi kuiona anapopima kiwanja: vilitulazimisha tuwajibike kwa majirani zetu, tukipenda tusipende, na sioni kati ya vitu vipya unavyoleta hata kimoja kitakachoifanya kazi hiyo.

Chukua masale, mimea ya majani marefu tunayopandia mipaka. Mpaka kati yetu na jirani wa upande wa mashariki ni mstari wa masale uliokuwapo kabla babu yako hajazaliwa. Mimea ile haimzuii mwizi, na mbuzi hupita katikati yake bila kuinamisha kichwa. Inachozuia ni ugomvi, kwa maana pande zote mbili zinakubali kwamba mpaka uko pale, na kung'oa isale la mpaka ni jambo ambalo mtu mzima wa Uchagani haliwazii. Tena jani hilohilo ndilo linalobebwa na mtu aliyemkosea mwenzake anapokwenda kuomba msamaha; akishalifunga fundo na kulifikisha kwa aliyekosewa, huyo hana ruhusa ya kumfukuza. Nimeona ndugu wawili waliokuwa hawasalimiani wakirudi kuzungumza kwa njia hiyo, baada ya kikao cha ukoo kushindwa na mchungaji kushindwa. Wazee waliotuachia mpaka waliuotesha kwa mmea uleule wa kupatanishia, na mimi siamini kwamba walifanya hivyo kwa bahati.

Katikati ya masale hayo kuna kinjia. Mama wa jirani, ambaye unamkumbuka, hupita hapo kwenda kanisani na kwenye mashine ya kusaga, na akipita huita kuuliza kama tumeamka salama. Ukijenga ukuta, safari yake italazimika kuzunguka hadi barabara ya magari, naye magoti yake hayana nguvu tena. Hatakulalamikia, kwa sababu ardhi ni yako. Ataacha tu kupita, na kuanzia hapo hakuna atakayejua mapema siku mama yako atakapoanguka ndani ya nyumba.

Kwenye mfongo nitakaa zaidi, maana ndio unaoniuma kuliko vyote.

Mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann alipofika Uchagani mwaka 1848, mifongo ilikuwa imeshachimbwa zamani. Watu walipanda hadi kwenye makorongo ya msituni, wakajenga banio kwa mawe, udongo na magogo ya migomba, kisha wakayaongoza maji kwa kufuata ubavu wa mlima, kwa mteremko mdogo ambao fundi wa leo angeupima kwa mashine, mpaka yakafika kwenye vihamba vilivyo mbali na mto. Mfongo ulikuwa wa ukoo uliouchimba, na nyumba zilizojiunga zilipewa zamu zao. Mzee aliyesimamia ugawaji alijua nani ana mgonjwa, nani amepanda mbegu juzi, na nani ameiba maji usiku. Siku ya kusafisha ilipotangazwa, kila nyumba ilitoa mtu mwenye jembe, na asiyetokea alitozwa faini, ambayo mara nyingi ilikuwa mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, nayo ikanywewa na haohao waliofanya kazi, kata ikizunguka kutoka mkono hadi mkono. Kwa hiyo huwezi kuwa na maji ukiwa umegombana na aliye juu yako, wala aliye chini yako hawezi kuyapata ukimnunia. Mjane alikuwa na zamu yake, na mwenye gari alisubiri ya kwake.

Bomba nalipenda, tena sana, kwa kuwa mimi ni mmoja wa wasichana waliobeba maji kichwani alfajiri kabla ya kwenda shule. Hata hivyo bomba lina mita, na bili huja kwa jina la mtu mmoja. Ukidaiwa unakatiwa peke yako, na ukilipa unafunguliwa peke yako, na jirani yako hahitaji kujua lolote. Maji tumeyapata kwa urahisi zaidi, nalo ni jambo jema. Lakini siku ile ya majembe, ambapo mwalimu, dereva wa bodaboda na mzee asiyejua kusoma walisimama ndani ya tope moja na kutajana kwa majina ya baba zao, haikupata mbadala wowote, na vijana wa rika lako waliojenga juu na chini ya kihamba chetu wanafahamiana kwa rangi za magari.

Utaniambia kwamba mifongo inakufa yenyewe kwa kuwa theluji ya kilele cha Kibo inakwisha. Theluji imepungua kweli; zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwa juu ya mlima mwaka 1912 ilikuwa imetoweka kufikia 2007. Ila maji mengi ya mito yetu hutokana na mvua inayopokewa na msitu, barafu huchangia kidogo sana, na mifongo mingi niliyoishuhudia ikikauka ilikauka kwa sababu watu wa kuisafisha walihama, au mmoja katikati aliifukia na walio chini yake wakakosa nguvu ya kumshitaki. Huyo wa katikati sitaki awe wewe.

Sijui kama ulisikia kwamba mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua mfumo wa kihamba wa Shimbwe Juu, hukuhuku kwetu Uru, kuwa urithi wa kilimo wenye thamani kwa dunia nzima. Walichokitambua ni kile ulichokulia ndani yake bila kukipa jina: mringaringa na miti mingine mirefu ikitoa kivuli, migomba chini yake, mibuni chini ya migomba, magimbi pembeni mwa maji, na ng'ombe wa ndani anayelishwa majani na kurudisha samadi shambani.

Juu ya mibuni sitakuchosha. Kahawa ndiyo iliyowafanya wakulima wa mlimani waunde umoja wao mwaka 1925 na kusajili chama cha ushirika cha KNCU mwaka 1933, na kahawa ndiyo iliyolipa ada ya baba yako. Mfumo wa dunia wa kugawana mauzo ya kahawa ulipovunjika mwaka 1989 bei ilianguka, na tangu hapo wengi wameing'oa. Ukitaka kubaki nayo, kituo cha utafiti cha Lyamungo kina miche inayostahimili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani. Ukitaka parachichi, panda parachichi. Mti wa biashara hubadilika, na hata kahawa yenyewe ililetwa na wamisionari.

Liko jambo jingine linalomhusu mkeo, na naomba ulisome pamoja naye. Kwetu mwanamke aliyejifungua hukaa ndani miezi mitatu. Hachoti maji, hakati majani ya ng'ombe, hapiki. Mama mkwe humpikia mtori wa ndizi mshare wenye nyama, humpa maziwa na supu, na wanawake wa jirani huja kwa zamu ambazo hakuna aliyezipanga, mmoja na mkungu, mwingine na kuni, mwingine na mikono yake tu ya kumshika mtoto ili mama alale. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi, ambazo ni karibu kabisa na ile miezi mitatu ya bibi zetu. Siku, basi, mkeo anazo. Alizozipitisha na mtoto wa kwanza katika fleti ya Dar es Salaam, akiwa na binti wa kazi aliyekuwa mgeni kwake na wewe ukiwa kazini hadi usiku, hazikufanana na uzazi wa kwetu hata kidogo, na nilipofika kumwona nilimkuta amekonda na analia bila kujua anachokililia. Safari hii mlete nyumbani. Mimi na mama yako tutamlisha. Lakini wale wanawake wengine huingia kwa kupita kati ya migomba, na hawana tabia ya kubonyeza kengele ya geti na kusubiri kufunguliwa.

Usidhani kwamba ninalilia kila cha zamani. Nilizaliwa katika kihamba hicho, nikakipalilia mpaka nilipoolewa, na kwa kuwa ni mwanamke sikugawiwa hata mgomba mmoja. Wakati huo sisi tulikatazwa hata kulikaribia banio la mfongo uliotulisha. Nimewaona wajane wakitolewa katika nyumba walizozijenga wao. Ukeketaji ulikuwapo kwetu, na nafurahi kwamba sheria ya 1998 iliupiga marufuku kwa wasichana walio chini ya miaka 18. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imempa mwanamke haki sawa na mwanamume katika kupata na kumiliki ardhi, kwa hiyo badiliko moja ninalolitaka lije haraka ni wewe kuwaita dada zako na kukaa nao juu ya kihamba hicho kabla hujanunua tofali la kwanza. Kama tunaruhusu desturi zife, tuanze na hiyo iliyotunyima sisi. Naona tunafanya kinyume: vijana wanaotetea mila kwa sauti kubwa pale dada anapodai sehemu yake ndio haohao wanaosema mila imepitwa na wakati pale jirani anapoomba njia.

Nakuomba mambo ambayo nimeyapima na kuona kwamba yanawezekana. Kama ni lazima uweke kizuizi, weka uzio wa waya upande wa ndani ya masale, ili mpaka wa wazee ubaki ulipo na wewe upate usalama unaoutafuta. Acha mlango mdogo kwenye kinjia, wenye komeo ambalo mama yako anaweza kulifungua kwa mkono mmoja. Mahali barabara ya gari itakapovuka mfongo, fundi atandaze kalavati. Nimeulizia mjini, na gharama yake ni ndogo ukilinganisha na geti unalotaka. Makaburi ya babu na bibi yako yasizungushiwe chochote kitakachowafanya ndugu waombe ufunguo ili wayafikie. Habari ya dada zako tuimalize katika kikao cha ukoo cha Desemba, wao wakiwapo, na mimi nitazungumza hata kama sitapewa nafasi.

Siku ya kusafisha mfongo hutangazwa kanisani na kwa balozi, kwa kawaida mvua za masika zikishapungua. Kijana anayetunza nyumba anaweza kukuwakilisha miaka mingine, lakini mara ya kwanza ningependa uje mwenyewe, kwa kuwa wazee wanaogawa zamu wanakufahamu kwa jina tu, na wale walio chini yetu wameshasikia habari ya kufukia. Omba ruhusa kazini mapema, nami nitakutumia tarehe mara itakapojulikana. Jembe la baba yako liko kwangu hapa Majengo; lilihitaji mpini mpya, na umeshawekwa.

Shangazi yako,
Moshi