Kaka, mkono wa kula na mkono wa jeneza

Kaka,

Nimesikia kwa dada kwamba kidole gumba na cha shahada vimekufa ganzi, na kwamba usiku hupati usingizi mpaka uweke mkono kichwani. Pole. Naisema kwa moyo mmoja, ingawa najua hutaamini.

Huo mkao hakuna aliyekufundisha, sivyo? Ukiinua mkono hivyo, neva, yaani mshipa wa fahamu, inayobanwa shingoni hulegea kidogo, na mwili huligundua hilo wenyewe. Mimi nililala hivyo usiku mwingi. Ulichungulia chumbani ukaniuliza nani kafa. Baba alikuwa bado hai.

Shingo ina pingili 7. Baina yao, isipokuwa zile 2 za juu kabisa, kuna diski: nje gamba gumu, ndani ute mzito. Gamba likichanika ute hupenya na kubana neva inayoshuka mkononi, tena huichokoza ikavimba. Ndiyo maana shingo yenyewe huenda isiume sana, ila bega na mkono vinawaka moto, na ukipiga chafya shoti inafika vidoleni.

Kwa vidole ulivyovitaja, inaelekea yako ni neva ya 6. Yangu ilikuwa ya 7, inayotokea kati ya pingili ya 6 na ya 7. Hiyo hutia ganzi kidole cha kati na kudhoofisha msuli wa nyuma ya mkono, ule wa kunyoosha kiwiko na kusukuma. Msuli wa mbele, wa kukunja kiwiko, unategemea zaidi neva ya 5 na ya 6, na zangu hizo zilikuwa nzima.

Unaona ninakoelekea. Siku ya kumzika baba nilirudi nyuma wenzangu walipoinama kubeba, nawe ukasema watu wote wakisikia: "Mkono wa kula anao, wa kumbeba baba hana." Watu wakacheka. Msibani! Naam, kula nilikuwa naweza, kwa sababu kupeleka tonge mdomoni ni kukunja kiwiko. Kusukuma jeneza juu mpaka mabegani ni kukinyoosha. Mkono ule ulikuwa hauwezi hata kunisaidia kuinuka kitini. Ulitaka niliachie mbele ya mama?

Halafu ukadai picha. Picha ya MRI nilikuwa nayo, kwenye bahasha, ndani ya gari. Sikuitoa, na hata leo nisingeitoa; mtu hamwonyeshi nduguye vyeti kaburini. Isitoshe, wapo watu wengi wasioumwa popote ambao picha zao zinaonyesha diski zimetoka. Daktari mzuri hugonga kiwiko kwa nyundo, hupima nguvu za kila msuli na hisia za kila kidole, ndipo alinganishe na picha. Mtafute wa namna hiyo. Usikubali mtu yeyote akunyonge shingo mpaka ilie, wala usishinde kitandani. Wengi hupona bila kisu, kwa wiki kadhaa au miezi, na ute uliotoka mara nyingi husinyaa wenyewe. Lakini vifungo vya shati vikianza kukushinda, ukiyumba ukitembea, au mkojo ukikuponyoka, nenda hospitali siku hiyohiyo. Hapo kinachobanwa ni uti wa fahamu wenyewe, ule unaopita ndani ya pingili.

Wasomaji wengine mtanivumilia, haya yana mwenyewe.

Dada anasema siku hizi hubebi hata mfuko, na nyumba nzima inakuhurumia. Vizuri. Mkono wako nao ukitazamwa kwa macho ni mzima, lakini hakuna aliyekuuliza unakulaje.

Namba yangu ni ileile. Nitakupeleka kwa daktari na nitaendesha mwenyewe, maana nguvu zilirudi, ingawa ncha ya kidole cha kati bado ni nzito. Ila kabla hujapanda gari utalizungumza lile la makaburini, kwa sauti uliyolisemea, na dada awepo.