Namba ya nguvu ya misuli isiandikwe kwa kukisia

Bwana Mhariri,

Mimi ni mtaalamu wa kinesiterapia, yaani tiba ya viungo na misuli kwa mazoezi, hapa Goma, na kila juma napokea wagonjwa ambao fishi zao za matibabu zimeandikwa "nguvu 4 kwa 5" bila neno jingine. Naomba nafasi gazetini mwako niwaeleze wenzangu, pamoja na jamaa wanaowauguza wagonjwa, kwa nini namba hiyo pekee haitoshi.

Kipimo hiki cha 0 hadi 5 kilienezwa na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Sifuri ni msuli usioshtuka kabisa. 1 ni msuli unaoshtuka bila kiungo kusogea. 2 ni kiungo kusogea kikiwa kimelazwa, ili uzito wake usikizuie. 3 ni kukiinua hadi mwisho bila kusaidiwa. Namba 4 na 5, ambapo 5 ni nguvu kamili, hupatikana pale tu mpimaji anapokisukuma kiungo kwa mkono wake. Tatizo kubwa liko kwenye 4, kwa maana humo huingia msuli unaoshindwa kwa kusukumwa kidogo tu na pia ule uliokaribia kupona.

Hivi karibuni alikuja kijana dereva wa pikipiki aliyeanguka kwenye mawe ya lava. Alikuwa amepimwa akiwa kitandani, akisukuma kiganja cha mpimaji kwa wayo, akaandikiwa 5 miguu yote miwili. Nilimsimamisha kwa mguu mmoja, ncha za vidole zikigusa ukuta, nikamwambia ainue kisigino. Kwa mguu wa kulia aliinua mara 25. Wa kushoto kisigino hakikubanduka sakafuni hata mara moja. Shavu la mguu hubeba mwili mzima, na mkono wa mpimaji hauna uwezo wa kulishinda. Kwa hiyo lipimwe mgonjwa akiwa amesimama, kama anaweza kusimama.

Nawasihi wenzangu waandike pia mkao wa mgonjwa, upande uliolinganishwa, na kama aliachia kwa sababu ya maumivu, kwani anayeumia huachia mapema hata kama msuli wake ni mzima. Kwa aliyepatwa na kiharusi, ambaye misuli imekakamaa, namba hizi hupotosha kwa urahisi, na ni afadhali kueleza kwa maneno anachoweza kufanya: kushika kikombe, kuinuka kitini, kupanda ngazi.

Wako,
Mtaalamu wa kinesiterapia, Goma