Mdogo wangu amekata miaka yangu sita kwa kalamu nyekundu

Shangazi, shikamoo. Ni saa tisa usiku na usingizi umekataa. Usinione mlalamishi, mimi si mtu wa maneno.

Nimetuma maombi ya kazi mpaka nimechoka kuhesabu, kimya. Nikampa mdogo wangu CV yangu, maana kazi yake ni kuzisoma. Nilimwomba akague herufi tu! Kurasa tano akasema ziwe mbili. Dini, hali ya ndoa, shule ya msingi, vyote kata. Sawa. Kazi ya karibuni ipande juu, ya zamani ishuke. Sawa. Pale nilipoandika "nilihusika na stoo" akauliza pembeni: "Ulifanya nini hasa? Bidhaa ngapi?" Hapo nakubali, kwa miaka minne nilihesabu mzigo kila mwezi, haukupotea hata mmoja, na sikuwahi kuliandika.

Lakini mstari ule, Shangazi. "2016–2022: Kumuuguza mama mzazi." Aliukata mara mbili hadi karatasi ikachanika. Akaandika: "Ondoa. Si kazi."

Si kazi? Nani alikuwa anamgeuza mama usiku asipate vidonda vya mgongo? Yeye alikuwa chuoni, na ada ilitoka kwenye akiba yangu. Sisemi ili nisifiwe. Angesema fupisha, au weka mahali pengine, ningeelewa. Si kazi!

Jirani yangu anasema nisihangaike, niandike tu kwamba nilikuwa stoo hadi 2022, nani atakwenda kuuliza. Mimi si mwongo, Shangazi, hata mama alikuwa akisema hivyo. Ila nimeshaandika. Bado sijatuma, mwisho wa kupokea maombi ni Ijumaa. Nikiacha pengo wataniona mvivu, nikimtaja mama wataniona wa kuonewa huruma, na wakiniita kwenye usaili wakaniuliza miaka ile nilikuwa wapi, najijua, nitalia mbele yao. Nifanyeje na miaka ile?

Msaada wa mdogo wangu siutaki tena. Jina lake lipo kwenye wadhamini, ndiyo, na sijamwambia, lakini hilo ni kwa sababu sina mwingine mwenye cheo.

Nijibu kabla ya Ijumaa. Tafadhali usiniambie nikakae naye tuzungumze. Ile karatasi ninayo hapa, nimeibandika kwa gundi pale ilipochanika. Si kazi, ati.

Ni mimi, dada mtu