Kabla ya Kulipia Safari ya Picha Bagamoyo, Tazama Mwezi

Jumamosi moja alitufikia mteja kutoka Dar, begi la kamera mgongoni, akiwa na hamu ya picha moja tu: ngalawa zikielea mbele ya soko la samaki. Alikuwa ametoka Mwenge saa moja, foleni ikamla, akafika kwetu saa nne asubuhi. Siku yenyewe ilikuwa ya mwezi mpevu. Bahari haikuwepo. Ngalawa zimelala ubavu kwenye tope, kamba za nanga zimelegea mchangani, na maji unayaona kwa mbali kama mstari. Alitutazama kana kwamba sisi ndio tulioyafungulia. Tukamwomba asubiri, lakini alikuwa na shughuli jioni. Maji yakarudi alasiri, saa kumi na ushei yamejaa tele, na yeye keshapita Bunju.

Tangu siku ile, mteja akipiga simu kuulizia nafasi hatumwulizi anakuja lini. Tunamwuliza anataka picha gani, kisha tarehe tunaitafuta pamoja.

Kwa mkazi wa pwani hili si geni, ila wengi wanaotoka bara hawalijui. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ndiyo bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Huku kwetu siku hizo hupwa kama saa nne asubuhi na kujaa kama saa kumi jioni. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika hamsini hivi. Ukiwa na kalenda ya Kiislamu ukutani, kazi imekwisha nusu. Tarehe 14 na 15 asubuhi utapata tope na mashua zilizolala (na hiyo nayo ni picha nzuri kweli, ingawa yule mteja hakuigeuzia hata lenzi). Tarehe 17 maji yanakaribia kujaa wakati jua linachomoza. Karibu na tarehe 8 na 22 ni maji mafu, hayajai sana wala hayapwi sana. Hata hivyo, hesabu hii ni ya kukadiria. Jedwali la maji tunalitazama kila mara kabla ya kumthibitishia mteja siku.

Bagamoyo inatazama mashariki. Jua linachomoza baharini na kuzama nyuma ya mji, kwa hiyo anayetaka jua likizama majini tunamwambia mapema asije kwetu. Tulicho nacho jioni ni mwezi. Siku ya mwezi mpevu unachomoza baharini karibu na saa ile ile jua linapozama, maji bado mengi, na tanga likipita mbele yake huhitaji maelezo. Lakini siku hizo hizo wavuvi wa dagaa wanaotumia taa wengi hupumzika, kwa sababu mbalamwezi huua nguvu ya taa zao. Anayetaka dagaa wakishushwa alfajiri aje wakati wa giza. Vyote viwili kwa safari moja ya siku mbili haviwezekani, na tusingependa kuchukua hela yako kwa ahadi hiyo.

Magofu ya Kaole, karibu na mji, yana hesabu yake. Msikiti ule wa karne ya 13 unaelekea kibla, na kibla chetu ni kaskazini. Kuanzia katikati ya Oktoba hadi mwisho wa Februari jua la mchana linapita kusini mwetu, hivyo ukuta wa kibla unapata mwanga kwa ndani. Njoo Julai, ukuta huo huo uko kivulini na mwanga unakujia usoni. Asubuhi ya Januari, jua likiwa bado chini, linaupiga kwa ubavu na kila jiwe la matumbawe linaonyesha vitundu vyake. Mchana wa saa saba usijisumbue, mwezi wowote ule. Kaa kivulini ule samaki.

Masika, Machi hadi Mei, tunapokea wateja wachache na hatujuti. Mawingu ya Aprili yana uzuri wake, ila uje na siku za akiba. Mvua ikiharibu siku, tunakuhamishia tarehe bila kukudai tena.

Kuhusu vifaa: betri, kadi na chaja unavijua mwenyewe. Tunalokumbusha ni kiyoyozi. Ukitoa kamera kwenye chumba cha baridi ukaifungua ufukweni saa kumi na mbili, lenzi inatoka jasho na mawio yanapita huku unafuta. Iache ndani ya begi lililofungwa, uliweke barazani nusu saa kabla.

Sokoni, salimia kwanza. Wavuvi wengi wamechoka kupigwa picha na watu wasiorudi. Sisi tunaomba wateja watutumie picha mbili tatu, tunazichapisha na kuzipeleka. Nahodha mmoja yake anaiweka ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na leseni ya chombo, na siku hizi akituona na mgeni anaita yeye mwenyewe: "Haya, leteni kamera, mnataka nikae wapi?" Asiyetaka, tunamwacha.

Droni inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga na cha Wizara ya Ulinzi. Si cha kushughulikia ukiwa tayari kwenye basi, na bila vibali mkononi hatukupeleki kuirusha.

Ukitaka kuja, tuandikie mambo matatu: picha unayoiota, siku ulizo nazo, na kama utalala hapa au utatoka Dar alfajiri. Jibu letu litakuwa na tarehe mbili na saa za maji za kila moja. Ukichagua moja, ndipo tunaomba malipo ya awali.